Stata kulia bila injini kuwaka

Stata kulia bila injini kuwaka ni hitilafu ya gari ambapo dereva akizungusha ufunguo husikia mlio mmoja mkavu wa "tak", au mfululizo wa "tatatata", na injini haizunguki. Gari la aina yoyote linaweza kupatwa na hitilafu hii. Hapa inaelezwa kwa mfano wa pikapu ya dizeli, hasa Toyota Hilux, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1968, na Land Cruiser za mizigo. Injini ya dizeli hugandamiza hewa mara 15 hadi 22 ndani ya silinda, kwa hiyo stata yake hudai nguvu nyingi kuliko ya petroli, na kasoro ndogo kwenye njia ya umeme hujitokeza mapema. Tena pikapu haipumziki. Inalala nje, inavuka madimbwi, inafungwa taa za ziada, redio kubwa na kifaa cha kufuatilia gari, na kila aliyefunga kimojawapo amekata waya mahali fulani.

Hitilafu hii isichanganywe na ile ya injini kuzunguka vizuri bila kushika. Huko stata inafanya kazi yake, na fundi atatafuta tatizo kwenye dizeli, kwenye hewa iliyoingia mabomba ya mafuta au kwenye hita plagi. Injini isiyozunguka kabisa ni suala la umeme mzito, na mara chache ni la injini yenyewe kufunga.

Hasara kubwa huanzia kwenye kubahatisha. Mwenye gari husikia "tak", ananunua betri mpya, na gari linawaka vizuri kwa siku kadhaa. Halafu linagoma tena, na sasa inashushwa stata. Mara nyingi betri ya zamani ilikuwa nzima. Kilichosaidia kwa muda ni kwamba aliyeifunga ile mpya alifungua vichwa vya nyaya, akavikwangua na kuvikaza.

Kinachotokea ufunguo unapozungushwa

Ufunguo wenyewe haubebi umeme wa stata. Swichi ya ufunguo hupeleka mkondo mdogo kwenye rilei, na rilei hupeleka moto kwenye waya mwembamba unaoishia juu ya stata, mahali ambapo michoro mingi ya umeme wa magari, ikiwemo ya Toyota, hupaita 50. Hapo pana solenoidi, ambayo ni sumaku ya umeme yenye mtaimbo mfupi wa chuma katikati. Inapopata moto, mtaimbo huo unavutwa na kufanya kazi mbili kwa mpigo: unasukuma gia ndogo ya stata ikaume meno ya ringi ya flaiwili, na mwishoni mwa safari yake unabana kisahani cha shaba juu ya kontakti mbili nene. Kontakti moja inatoka moja kwa moja kwenye betri na huitwa 30; nyingine inaelekea kwenye mota. Mlio wa "tak" ni wa mtaimbo huo kufika mwisho.

Kuanzia hapo mkondo ni mwingine kabisa. Stata ya injini ya dizeli ya lita 2.5 hadi 3 huwa na nguvu ya takribani kilowati 2, na hula ampea 200 au zaidi inapozungusha injini, na nyingi kuliko hizo katika ile nusu sekunde ya kwanza. Taa mbili kubwa za mbele hula kama ampea 10.

Tofauti hiyo ndiyo inayowadanganya wengi. Chukua kutu kidogo kati ya kichwa cha betri na kibano chake, yenye ukinzani wa ohmu 0.01, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma. Taa zikiwaka, kutu hiyo inapoteza volti 0.1 tu, na dereva anaona taa zinang'aa na kuapa kwamba betri ina moto. Stata ikidai ampea 200, kutu ileile inakula volti 2. Ni mto wa masika unaolazimishwa kupita kwenye mrija wa peni.

Milio na maana zake

"Tatatata" ya haraka hutokana na muundo wa solenoidi. Ndani yake kuna koili mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kushikilia. Ile ya kuvuta hupata athi yake, yaani njia ya kurudi hasi ya betri, kupitia mota ya stata, kwa hiyo kontakti zikishafunga, ncha zake mbili huwa na volti sawa na inaacha kufanya kazi. Mtaimbo unabaki umeshikwa na koili ndogo peke yake. Betri ikiwa dhaifu, mota inapoanza kula mkondo volti zinaporomoka, koili ndogo inashindwa, mtaimbo unarudi nyuma na kontakti zinaachana. Mzigo ukiondoka, volti zinapanda tena na mtaimbo unavutwa upya. Mzunguko huo hujirudia mara nyingi kwa sekunde. Kwa sababu hiyo mlio wa mfululizo karibu kila mara huelekeza kwenye betri iliyokwisha chaji au kwenye kiungo kibovu cha nyaya zake, na ni nadra stata yenyewe kuwa na hatia.

"Tak" moja nzito, inayorudi kila ufunguo unapozungushwa, ina maelezo mengi zaidi. Solenoidi imevuta na kushikilia, lakini mota haizunguki. Huenda kontakti za shaba zimeliwa, kaboni zimekwisha, kebo nene au athi haipitishi mkondo wa kutosha, au kuna kitu kimeizuia injini kugeuka.

Mlio mwembamba unaosikika ndani ya dashibodi au kwenye sanduku la fyuzi si wa stata. Ni wa rilei. Rilei ikilia na stata ikanyamaza, moto unapotelea kati ya hizo mbili, mara nyingi kwenye soketi ya waya wa 50 ambayo imelegea au imeota kutu ya kijani kwa kurushiwa matope.

Kabla ya kushika spana, washa taa kubwa, simama mahali unapoona mwanga wake ukutani, na mtu mwingine apige stata. Taa zikififia sana, mkondo mkubwa umejaribu kupita, na tatizo ni betri dhaifu au mota iliyokwama. Zikizimika kabisa na kurudi ufunguo unapoachiwa, kuna kiungo kilicholegea karibu na betri. Taa zikibaki vilevile huku "tak" ikisikika, hakuna mkondo uliopita kwenye mota, na sasa ni haki kuishuku stata, kebo yake au athi ya injini.

Vichwa vya betri na athi

Hii ndiyo sehemu ya kuanzia, kwa sababu ni bure na kwa sababu ndiyo inayorukwa. Kwenye Toyota nyingi vibano vya betri hufunguliwa kwa spana namba 10. Hutolewa hasi kwanza, kisha chanya, na wakati wa kurudisha hasi inakuwa ya mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isipige shoti. Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, ambayo huua makali ya asidi. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, kwa sababu magadi yakiingia ndani yanaiharibu asidi ya seli. Baada ya hapo vichwa na sehemu ya ndani ya vibano husuguliwa kwa msasa mpaka risasi ing'ae, vinakazwa, na grisi hupakwa juu kwa nje. Kibano kinachoweza kugeuzwa kwa mkono hakijakazwa.

Unga unaoonekana si hatari sana kama tabaka jeusi lisiloonekana, lililo kati ya kichwa na kibano. Njia ya kulikamata ni mita. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu. Chomeka ncha moja katikati ya kichwa chenyewe cha betri, kwenye ile risasi, na ncha nyingine kwenye kibano kilichokishika, yaani umbali wa milimita chache tu. Mwenzako apige stata. Mita ikibaki karibu na sifuri, kiungo ni kizima. Ikiruka hadi volti 1 au 2, umeme unaotakiwa kwenye stata unaishia pale mbele ya macho yako, ingawa kwa kutazama pamefungwa vizuri.

Kipimo hicho kinaweza kuhamishwa hatua kwa hatua kufuata njia yote. Kutoka kichwa cha chanya hadi boliti ya 30 ya stata, upotevu wakati wa kupiga stata haupaswi kuzidi volti 0.5. Kutoka kichwa cha hasi hadi chuma tupu cha injini, usizidi volti 0.2 au 0.3. Fundi anayefanya vipimo hivi viwili hutumia dakika kumi na hamalizi pesa ya mtu.

Upande wa hasi husahaulika kuliko wote. Injini imekalia mpira, na mpira haupitishi umeme; inategemea mkanda wa athi unaoiunganisha na bodi au betri. Gari likipakwa rangi upya au injini ikibadilishwa, mkanda huo hufungwa juu ya rangi au husahaulika chini ya benchi la gereji. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hewa ya chumvi huula ukabaki nyuzi chache. Umeme usipopata athi hutafuta njia nyingine, na kwenye pikapu za zamani njia hiyo huwa kebo ya akseli au ya klachi. Kebo ya akseli ikitoa moshi au ikawa ya moto baada ya kupiga stata, hakuna haja ya kupima zaidi. Funga athi mpya.

Betri

Betri ya asidi na risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haijabadilika kwa msingi wake. Betri ya volti 12 ina seli 6, kila moja ikitoa kama volti 2.1. Ikipumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12 imekwisha chaji. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imekaa na kuanguka mara tu inapotwishwa mzigo. Kinachoamua ni volti wakati stata inapigwa: zikishuka chini ya 9.6, na betri ilikuwa imechajiwa, haifai tena.

Betri inayosoma karibu 10.5 baada ya kuchajiwa usiku kucha imekufa seli moja. Kwa betri zenye vifuniko, hidromita hulithibitisha hilo: asidi ya seli iliyojaa husoma kama 1.27, na seli ikipishana na wenzake kwa 0.05 au zaidi ndiyo mbovu. Wapo wanaoifufua betri kwa kuongeza asidi. Hilo ni kuipaka rangi maiti. Kinachopungua ndani ya betri inayotumika ni maji, na kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa, basi. Asidi huongezwa pale tu iliyokuwemo ilipomwagika.

Joto ndilo adui mkuu wa betri katika ukanda wetu. Hukausha maji na kuharakisha kutu ya sahani, na uharibifu huo hubaki umejificha hadi siku ya baridi. Pikapu iliyokaa Dar es Salaam mwaka mzima ikiwaka bila shida huenda ikagoma asubuhi ya kwanza Njombe, ambako kwa baridi betri hutoa nguvu kidogo na oili ya injini ni nzito.

Betri nzima inayoisha chaji kila baada ya siku chache ina mnyonyaji. Gari lililozimwa na kufungwa linaruhusiwa kula hadi kama miliampea 50 kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Zaidi ya hapo, chomoa fyuzi moja moja huku mita ya ampea ikiwa imeunganishwa upande wa hasi, uone ni ipi inayoshusha namba. Redio iliyofungwa mtaani na kuunganishwa na waya wa moto wa kudumu ni ya kushukiwa kwanza.

Stata yenyewe

Stata za Denso zenye gia ya kupunguzia mwendo, zilizoenea kwenye Hilux na Land Cruiser, zina ugonjwa wao unaojulikana na mafundi wote: kontakti za shaba ndani ya solenoidi huliwa na cheche, kwa kawaida ile ya upande wa betri ikitangulia. Dalili yake haina papara. Mwanzoni gari linagoma mara moja kwa wiki. Dereva anazungusha ufunguo mara tatu nne, na ghafla linawaka kama kwamba halikuwa na neno. Miezi inapita na idadi ya "tak" inaongezeka. Ukifungua kifuniko cha solenoidi, unakuta kontakti moja imebakia bapa huku nyingine ikiwa na bonde katikati, na kisahani cha shaba kimechimbika upande mmoja. Kontakti mpya na mtaimbo wake huuzwa bila stata nzima, kwa sehemu ndogo tu ya bei yake, na kazi haimalizi nusu siku. Licha ya hayo, wateja wengi huuziwa stata nzima ya mtumba kwenye masoko ya vipuri kama Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka, yenye kontakti zilizoliwa nusu na gari jingine huko Japani.

Kaboni zikifupika hadi springi zisiweze kuzibana kwenye amecha, mota hukosa mkondo. Hapa ndipo kugonga stata kwa mpini wa nyundo kunaposaidia: mtikisiko unazirudisha kaboni mahali pake kwa safari moja au mbili. Ugongwe mwili wa stata kwa kiasi, si solenoidi, na kwa stata zenye sumaku za kudumu kugonga kwa nguvu kunaweza kuzipasua. Gari lililowaka kwa kugongwa lipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Stata inayogoma injini ikiwa ya moto tu, na kupona baada ya kupoa, mara nyingi imekaa karibu na bomba la moshi. Joto huongeza ukinzani wa koili zake, na iliyo dhaifu tayari haiwezi kuvumilia.

Injini iliyojaa maji

Betri ikiwa nzima, viungo vikiwa safi, taa zikififia sana na kebo zikianza kupata joto kwa "tak" moja nzito, mota inasukuma kitu kisichosukumika. Kama gari limetoka kuvuka mto au mtaa uliofurika na likazimika humo, acha ufunguo mara moja. Maji yakivutwa kupitia kichujio cha hewa huingia kwenye silinda, na maji hayagandamiziki. Pistoni inapopanda hukutana na ukuta, na kuendelea kupiga stata, au kibaya zaidi kusukuma gari likiwa kwenye gia, hupinda konrodi. Injini yenye konrodi iliyopinda hufunguliwa yote.

Kinachofanyika ni kufungua kichujio cha hewa na kukishika kwa mkono. Kikiwa kimeloa, hita plagi au nozeli zote zinatolewa, kisha injini inazungushwa taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele mpaka maji yatoke kwenye matundu. Oili nayo inaangaliwa. Ikiwa imegeuka nyeupe na nzito, inamwagwa kabla ya kuwasha. Boliti ya puli ikikataa kugeuka hata matundu yakiwa wazi, injini imefunga kwa sababu nyingine, na habari ya umeme imekwisha.

Kuwasha kwa dharura

Kabla ya Cadillac ya 1912, iliyokuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, magari yaliwashwa kwa hendeli. Land Rover za zamani, zilizotangulia Hilux kwenye barabara za vumbi za Afrika Mashariki, zilibaki na tundu lake mbele kwa miaka mingi. Pikapu za leo hazina, kwa hiyo dereva aliyekwama ana njia tatu.

Ya kwanza ni kubusti. Waya mwekundu hufungwa kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa haidrojeni na cheche ya mwisho inaweza kuilipua. Ncha hiyo ya mwisho pia inatoa jibu: kama gari linawaka kwa waya uliofungwa kwenye injini na haliwaki ukifungwa kwenye hasi ya betri, athi ndiyo mbovu. Malori makubwa hutumia volti 24, na kuzipeleka zote kwenye pikapu ya volti 12 kunaunguza kompyuta na taa. Anayelazimika kutumia lori achukue betri moja tu kati ya mbili, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chasi, injini ya lori ikiwa imezimwa.

Ya pili ni kusukuma, kwa gari la gia za mkono tu: ufunguo ukiwa umewashwa, gia ya pili, klachi imekanyagwa, kisha inaachiwa ghafla gari likishika mwendo. Hilux za pampu ya kimakanika zinahitaji umeme kidogo tu wa kufungua solenoidi ya mafuta. Zenye injini za D-4D zinategemea kompyuta, na betri ikiwa imekufa kabisa zitasukumwa hadi watu wachoke.

Ya tatu ni kuunganisha 30 na 50 kwa bisibisi. Injini ikizunguka, stata ni nzima na kosa liko kwenye ufunguo, rilei au waya mwembamba. Gari liwe kwenye nyutro na handibreki imevutwa kabla ya mtu kuingia chini ya boneti, kwa sababu stata ina nguvu ya kulitembeza gari lililo kwenye gia, na anayeshika bisibisi amesimama mbele yake.

Kwa njia yoyote, injini ikishawaka pima betri kabla ya kuondoka. Mita inatakiwa isome volti 13.8 hadi 14.5. Ikibaki chini ya 13, alteneta haichaji. Angalia kama mkanda wake umelegea au umekatika, na usizime injini mpaka ufike penye fundi.